Kazi ya haraka na hesabu yake

Themodinamiki tunayofundishwa shuleni ni ya mambo yaendayo taratibu. Pistoni inasukumwa polepole, gesi iliyomo ndani inapata muda wa kutulia kila hatua, na hesabu inakaa sawa. Ukiisukuma kwa kishindo gesi inavurugika, hata huwezi kusema ina halijoto gani. Hapo Kanuni ya Pili ya themodinamiki inakuachia neno moja tu: kwa wastani, kazi uliyotumia haiwezi kuwa chini ya badiliko la nishati huru, yaani kazi ambayo ungetumia kama ungesukuma polepole kabisa. Itazidi kwa kiasi gani, haisemi.

Lars Onsager alipiga hatua kubwa mwaka 1931, ila kwa mifumo iliyo karibu na msawazo, yaani hali ya kutulia. Hatua ya mbali zaidi ilikuja mwaka 1997, mwanafizikia Christopher Jarzynski alipoonyesha kwamba ndani ya ile "haiwezi kuwa chini" kumejificha usawa kamili. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa matokeo mazuri kabisa ya fizikia ya karne iliyopita.

Tulitazame kwenye molekuli moja ya RNA iliyojikunja. Mwaka 2002 Jan Liphardt, Carlos Bustamante na wenzao huko Berkeley, Marekani, walizifunga ncha zake kwenye vishanga viwili vya plastiki visivyoonekana kwa macho. Kimoja kilishikwa na mwanga wa leza, kingine kilifyonzwa kwenye ncha ya mrija mwembamba wa kioo. Mrija ukivutwa, molekuli inakunjuka kwa nguvu ndogo mno. Ukivuta haraka, kila mvuto unagharimu kazi tofauti, kwa sababu molekuli za maji zinaigonga RNA kutoka kila upande: mara zinakukwamisha, mara chache zinakusaidia.

Mivuto hiyo michache iliyosaidiwa ndiyo yenye siri. Chukua mfano wa kubuni, tukipima nishati kwa uniti ya msukosuko wa joto la maji yenyewe. Katika kila mivuto mitatu, miwili inagharimu 12 na mmoja 9. Wastani wa kawaida ni 11. Jarzynski anataka wastani wa namna nyingine: kazi ikipungua kwa uniti moja, uzito wa mvuto huo unaongezeka mara 2.7 hivi. Kwa hiyo mvuto wa 9 una uzito mara 20 ya ule wa 12. Tafuta wastani wa uzito wenyewe, kisha uurudishe kuwa kazi, na jibu linatoka 10. Hiyo ndiyo nishati huru, ile ile ambayo ungeipata kwa kuvuta polepole kabisa. Uniti moja iliyozidi kwenye wastani wa kawaida imepotea kuwa joto. Sharti ni kwamba kila mvuto uanze molekuli ikiwa imetulia. Baada ya hapo vuruga utakavyo.

Ugumu unakuja kazi inayopotea ikiwa kubwa. Mivuto ya bahati inakuwa adimu mno, na idadi ya majaribio inapaa kupita uwezo wa maabara yoyote. Ndiyo maana mbinu hii haisaidii kwa injini ya gari. Mwaka 1999 Gavin Crooks alipunguza tatizo hilo: pima kazi wakati wa kukunjua, pima tena wakati wa kuiacha ijikunje, kisha chora pamoja mitawanyo miwili ya vipimo hivyo, yaani kila kiasi cha kazi kilitokea mara ngapi. Pale inapokatana ndipo ilipo nishati huru. Mwaka 2005 kundi la Bustamante lilijaribu kwa RNA, likivuta kwa kasi mbalimbali, na mitawanyo ikakatana pale pale.