Acheni Kuniuliza Kuhusu Dhahabu

Wiki iliyopita, ndani ya daladala iliyotoka Mbalizi kwenda Mwanjelwa, kijana mmoja alinitambua, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza swali ambalo nimeulizwa harusini, msibani na hata mlangoni mwa kanisa. "Mwalimu, sisi tuna dhahabu, tanzanite, gesi na mbuga za wanyama. Singapore hata maji wananunua kwa jirani. Inakuwaje wao wawe matajiri na sisi maskini?"

Nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu nimechoka kuona vijana wenye akili nzuri wakipoteza muda kwenye swali bovu. Ubovu wake ni huu: linachukulia kwamba utajiri tayari upo chini ya ardhi, umekamilika, na kazi iliyobaki ni kumtafuta aliyeuficha.

Chukua kalamu. Mwaka 2023 Tanzania iliuza nje dhahabu ya takriban dola bilioni 3. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Gawanya. Kila mmoja wetu, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana, anapata chini ya dola 50 kwa mwaka, yaani kama shilingi 10,000 kwa mwezi. Na hapo tumejifanya hakuna aliyelipwa kuchimba, hakuna dizeli iliyochomwa, hakuna mtambo ulionunuliwa. Tukiichukua dhahabu yote, bila kumwachia mgeni hata chembe, kila Mtanzania anaondoka na kilo chache za mchele wa Kyela kila mwezi. Wizi wa madini upo na lazima ukomeshwe. Lakini kuukomesha hadi gramu ya mwisho bado hakutatutoa tulipo, na anayekuambia kutatutoa hajawahi kugawanya.

Kama hesabu haikutoshi, simama kando ya barabara kuu hapa Mbalizi. Malori yanayoshuka kuelekea Dar es Salaam yamebeba shaba ya Zambia na ya Kongo, yamevukia mpakani Tunduma. Kongo ndiyo inayoongoza duniani kwa kobalti. Madini yangekuwa ndiyo utajiri, watu wa Kolwezi wangeishi kama watu wa Zurich. Mali hiyo inapita mbele ya macho yetu kila siku, na bado tunauliza swali lilelile.

Au panda hadi Chunya, si mbali. Dhahabu ya huko Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa huko wakichekecha mchanga. Katikati ya miaka ya 1950 uchimbaji mkubwa ukafa na mji ukapoa. Lami ya kutoka Mbeya hadi Chunya, kilomita 70 na ushee tu, imekuja kukamilika karne hii. Watoto, wajukuu na vitukuu wa wachimbaji wa kwanza wamekula vumbi juu ya dhahabu.

Sasa tazama kilichotokea Chunya mwaka 2019, maana hapo ndipo penye somo na sioni watu wakipataja. Kabla ya hapo mchimbaji mdogo aliyeuza kwa njia halali alidaiwa mrabaha, na juu yake VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Alifanya ambacho mtu yeyote angefanya: akauza gizani, kwa bei ya gizani, kwa mnunuzi ambaye hakuweza kumshtaki popote akidhulumiwa. Mwanzoni mwa 2019 kodi hizo mbili zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo, yakafunguliwa masoko ya madini, la Chunya likiwamo. Dhahabu iliyokuwa ikisafiri kwenye mifuko ya suruali ikaanza kuwekwa mezani, kwenye mzani, bei ikiwa inajulikana. Miamba ilikuwa ileile, na watu walewale. Kilichobadilika ni kanuni.

Najua mtanitajia Botswana. Almasi ya Orapa iligunduliwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, kwenye ardhi ya Wangwato, watu wa rais mwenyewe, Seretse Khama. Sheria iliyopitishwa mwaka huohuo ilihamishia haki ya madini kutoka kwa makabila kwenda kwa taifa zima. Kanuni iliwekwa kabla pesa hazijaanza kumiminika na kabla wenye tamaa hawajajipanga. Kwa upande mwingine, Mauritius hawana madini ya kutajwa. Mchumi Mwingereza James Meade, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, aliwaandikia mwaka 1961 ripoti ya kukatisha tamaa: kisiwa cha miwa na watu wengi kupita kiasi. Mwaka 1970 wakatunga sheria ya viwanda vya kuuza nje na wakaisimamia, serikali moja baada ya nyingine. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliwaweka kwenye kundi la nchi za kipato cha juu, kabla korona haijawarudisha nyuma. Acemoglu, Johnson na Robinson walipewa Nobel ya uchumi mwaka 2024 kwa kazi ya aina hii, juu ya taasisi. Sikubaliani nao kila mahali, jiografia wanaipuuza mno, lakini kwenye hili wako sahihi.

Mnataka kuona umaskini unavyotengenezwa? Njooni sokoni siku viazi vya Umalila vinaposhuka. Mtaona lumbesa: gunia limejaa, likaongezwa kichwa cha viazi, likashonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inaikataza, na bado inapakiwa mchana kweupe. Watu wanadhani hasara yake ni vile viazi vya juu. Hasara ni kubwa zaidi. Mkulima hajui ameuza kilo kwa shilingi ngapi, kwa hiyo hawezi kulinganisha bei. Mnunuzi wa Dar es Salaam hawezi kuagiza kwa simu gunia asilolijua uzito, kwa hiyo lazima awepo dalali wa kwenda kuliona, na dalali naye anakula. Benki haiwezi kukopesha juu ya mzigo usiopimika. Kipimo kimoja kinachopuuzwa kinazaa gharama njia nzima, na wa kuzilipa ni mama aliyelima kule juu mlimani kwenye baridi.

Mahindi nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2011, na tena 2017, kuuza mahindi nje kulizuiwa. Njaa ni jambo zito na serikali ina wajibu wa kuihofia. Lakini mtu aliyekuwa anafikiria kujenga ghala hapa Mbalizi ili auze ng'ambo ya Tunduma amejifunza kwamba soko lake linaweza kufungwa kwa tamko. Hajengi. Hakuna takwimu inayohesabu maghala ambayo hayakujengwa.

Mambo ya kufanya yapo, na hayahitaji mwamba wowote. Uza kwa mzani, na anayekulazimisha lumbesa mripoti kwa Wakala wa Vipimo. Shamba la kijijini lifuatilie hatimiliki ya kimila, sheria yake ipo tangu 1999. Mazao yasiyooza yaweke kwenye stakabadhi ghalani inapokuwapo. Jina la biashara sajili BRELA kwa mtandao, usimlipe kishoka. Unayesaga na kufungasha unga, tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, si sehemu mbili tena. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Kwenye kizuizi cha ushuru uliza kiwango na udai risiti. Ushuru huo na sheria ndogo zake hupita kwenye baraza la madiwani. Baraza hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza.