Hesabu ya Mzigo: Wapagazi wa Vita Kati ya Kilosa na Mikumi

Askari aliyekosa chakula hawezi kupigana, hata akiwa na bunduki nzuri. Kwa hiyo kila jeshi huhitaji kikosi cha ugavi, yaani watu wa kufikisha chakula, risasi na dawa, pamoja na watu wa akiba wa kushika nafasi za wanaougua. Ukweli huu ulidhihirika Kilosa mwaka 1916.

Mwezi Agosti mwaka huo majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliitwaa Kilosa kutoka kwa Wajerumani, kisha yakaelekea kusini. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja ya Reli ya Kati, na treni hazikuweza kupita. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kilichosalia ni kichwa cha binadamu.

Mpagazi hula mzigo wake

Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni kilomita zipatazo 70. Ichukuliwe kwamba mpagazi hutembea siku 4 kwenda na siku 4 kurudi, na hula kilo 1 kwa siku. Katika kilo zake 27 hula 8, hufikisha 19 tu. Ili kulisha askari 1,000, kilo 1 kwa kila mmoja, lazima wapagazi 53 waondoke Kilosa kila siku. Safari ikiwa ya siku 8, watu 424 huwa njiani daima.

Umbali ukizidi mara mbili, safari huwa ya siku 16, na kila mpagazi hufikisha kilo 11. Sasa lazima waondoke 91 kila siku, na walio njiani ni 1,456. Umbali umezidi mara 2. Watu wamezidi zaidi ya mara 3. Safari ikifikia siku 27, mzigo wote huliwa njiani.

Gharama ya hesabu hiyo

Hivyo kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo watu wengi zaidi walivyochukuliwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Kuhara damu, malaria, nimonia na unga usioiva viliwaua. Kumbukumbu za Waingereza zilitaja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao. Wanahistoria wengi huamini vilikuwa vingi zaidi. Wapagazi wa Wajerumani hawakuhesabiwa kikamilifu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Kiingereza.

Baadaye reli ya tawi ilijengwa kutoka Kilosa hadi Mikumi. Behewa moja la tani 20 hubeba chakula ambacho kingehitaji wapagazi zaidi ya 1,000 kukifikisha.

Zoezi: ikiwa mtu 1 katika kila 10 ni mgonjwa, kikosi kiwe na watu wangapi ili 424 wasipungue njiani?