Usimkimbie Mwuguzi Aliyejifunika

Pengine umewahi kumwona mwuguzi amejifunika mwili mzima. Amevaa joho refu, aproni ya plastiki, mabuti ya mpira, mipira ya mikono, barakoa na miwani. Watoto humlilia. Hata watu wazima wengine humkimbia. Sikiliza habari hii ya jirani zetu wa Uganda.

Mwezi wa Oktoba 2000, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa huko Gulu, kaskazini ya Uganda. Ebola huenea kwa kugusa damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa, au kugusa maiti. Virusi huingia kwa njia ya jeraha, mdomo, pua au macho. Basi aliye hatarini zaidi ni yule anayemwosha na kumlisha mgonjwa. Nyumbani ni mama. Hospitalini ni mwuguzi.

Mganga mkuu wa Hospitali ya Lacor, Dk. Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Kampala. Wauguzi wake walipoanza kufa aliitwa, akarudi upesi. Alishuku kuwa ni Ebola, akaiarifu serikali. Aliwatenga wagonjwa katika wodi yao. Aliwafundisha wauguzi kuvaa vifaa vya kujikinga, naye akaingia wodini pamoja nao.

Usiku mmoja mwezi wa Novemba aliamshwa. Mwuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa alikuwa akitokwa damu nyingi. Daktari alivaa joho, barakoa na mipira ya mikono. Miwani hakuvaa. Wenzake waliamini kuwa hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua, na 224 walikufa.

Daktari huyu ndiye aliyewafundisha wengine! Alichokosa usiku ule ni miwani tu.

Kuvaa vifaa hivi si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kuvua. Upande wa nje umechafuka, nao usiguse ngozi. Mwuguzi huvua kimoja kimoja, polepole, huku akinawa mikono kwa dawa ya klorini. Mwenzake husimama kando akimwangalia asikosee. Tena ndani ya nguo hizo kuna joto kali. Jasho hutiririka na miwani hufunga ukungu. Kwa hiyo ukimwona ametoka nje kupumzika, usiseme ni mvivu.

Kwetu Tanzania, serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023. Marburg ni ndugu wa Ebola. Watu 9 waliugua na 6 walikufa, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni 2023 ulitangazwa kuwa umekwisha.

Wewe mwanakijiji unaweza kumsaidia mwuguzi wako. Zahanati nyingine hazina maji ya bomba, na bila maji hawezi kunawa. Mpelekeeni maji. Mipira ya mikono iliyotumika huchomwa moto. Usiwaache watoto waiokote na kuipuliza kama maputo, jambo ambalo wanalipenda sana.

Na ukifika zahanati una homa kali, usimfiche neno. Kama ulimwuguza mtu aliyetapika damu, au uliosha maiti msibani, mwambie ukiwa bado mlangoni, kabla hajakugusa. Atakuambia ungoje kidogo. Ngoja, anakwenda kuvaa.