Unataka picha kali ya treni ya Ruiru? Kwanza lijue jua

Picha za matatu zimejaa mitandaoni. Nganya mpya ikiingia Thika Road, hata wiki haijaisha tayari ina mashabiki wake. Treni je? Reli ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913, ikaitwa Tramu ya Thika, na hadi leo inapita Githurai, Kahawa na Ruiru ikibeba watu wa kwenda kazini. Lakini ebu tafuta picha nzuri ya treni ya jioni ikishusha abiria Ruiru. Utahangaika.

Kama una simu yenye kamera ya kawaida tu, hiyo nafasi ni yako. Kinachokuponza si simu. Ni mwanga.

Treni ya abiria huku kwetu ni ya watu wa kazi: asubuhi inaelekea Nairobi, jioni inarudi. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, unaweza kukaa kando ya reli ukahesabu mataruma tu. Kwa hiyo hobi hii ni ya alfajiri na machweo, utake usitake.

Wapiga picha za treni wa Uingereza hulalamika sana msimu wa vuli wa huko ukifika, kwa sababu siku zinafupika. Mwishoni mwa Novemba, jua la London linazama karibu saa kumi jioni. Sisi Thika tuko kama digrii moja kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Basi hatuna shida? Tunayo, ila ni ya aina nyingine. Siku yetu haifupiki, inasogea.

Mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza kama dakika kumi baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu dakika ishirini baada ya saa kumi na mbili jioni. Katikati ya Februari linachelewa kwa nusu saa nzima, asubuhi na jioni. Hii inatokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, na vile dunia yenyewe ilivyoinama. Wewe unachohitaji ni hesabu: treni ya asubuhi iwinde Oktoba na Novemba, maana jua linakuwa limeiwahi. Ya jioni ingoje Januari na Februari. Ukigeuza, utarudi nyumbani na picha za giza uanze kulaumu simu.

Julai nayo ina mambo yake. Baridi, mawingu, wakati mwingine ukungu wa asubuhi. Wengi hukaa ndani, na mimi naona wanakosea. Mawingu hulainisha mwanga, vivuli vikali vinapotea, na taa ya injini ikitokea kwenye ukungu hata picha ya kubahatisha inapendeza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Reli kutoka Nairobi hadi Thika inaelekea kaskazini-mashariki. Asubuhi treni inaenda mjini ikiwa imelipa jua mgongo. Jioni inarudi, na jua liko nyuma yake tena! Yaani mara zote mbili uso wa treni uko kivulini. Usishindane nalo. Piga ubavu: ukiwa umeangalia upande wa Thika, asubuhi simama kulia kwa reli, jioni kushoto. Au iache ipite, upige mkia wake uking'aa. Au kubali kivuli, upate umbo jeusi la treni mbele ya anga jekundu.

Mwanga ukipungua, simu hufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na treni inatoka kama uji. Ifuate kwa mkono, ukigeuza mwili wote polepole kwa kasi yake, ndipo ubonyeze. Treni inatulia, majani nyuma yanakimbia. Flashi izime kabisa, isije ikamwasha dereva machoni.

Sasa sikiza vizuri. Reli zetu hizi za zamani zimeachana mita moja tu, lakini behewa ni pana zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukisimama "karibu kidogo" na chuma, tayari uko kwenye njia ya treni. Rudi nyuma hatua kadhaa, toa earphones, na usipige selfie ukiipa reli mgongo. Ukiona vijana wananing'inia mlangoni, shusha simu. Wakiona kamera wanazidisha mbwembwe, na hakuna picha inayostahili hiyo damu.

Vituo ni mali ya Shirika la Reli la Kenya. Ukifika Ruiru au Thika, nenda kwa mkuu wa kituo, jitambulishe, mweleze unachofanya. Akikataa, piga picha kutoka barabarani, mahali pa umma. Kujificha vichakani ndiko kunakoleta maswali ya walinzi. Na abiria nao ni watu: mama aliyelala na mtoto mapajani aombwe ruhusa kwanza. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Kwa nini ujisumbue hivi? Nenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, ulione garimoshi namba 5918, Mount Gelai. Hiyo 59 ni daraja, 18 ni namba yake ndani ya daraja. Yalikuwa 34, yakiundwa Manchester miaka ya 1950, na yalitoweka relini. Tunayajua yakiwa kazini, moshi ukifuka, kwa sababu kuna watu waliosimama kando ya reli na kamera. Kitabu cha Kevin Patience, Steam in East Africa, ni cha 1976.

Injini ya dizeli unayoiona Ruiru leo nayo haitakaa milele. Ukipiga picha, andika tarehe, saa, mahali na namba iliyo ubavuni. Kisha tunza nakala nje ya simu, kwa sababu simu huibiwa, hasa stesheni jioni.