Uchovu Usioisha kwa Kulala

Mwenzetu wa kikundi akikosa kazi ya shamba mara tatu twasema ni mvivu, na faini twamtoza. Lakini kuna ugonjwa uitwao ME. Mara nyingi huanza baada ya homa ya virusi. Mgonjwa akijikaza leo kupalilia, kesho au keshokutwa yuko kitandani, na usingizi haumrudishii nguvu.

Huko Uingereza, mwaka wa 2011, madaktari walitangaza utafiti wa wagonjwa 641. Walisema mazoezi yanayoongezwa polepole yanasaidia. Hata wizara inayotoa posho za walemavu ilichangia gharama zake. Wagonjwa wengi walipinga: mazoezi yaliwazidishia ugonjwa. Mmoja wao, Alem Matthees wa Australia, akaomba takwimu zenyewe. Chuo kikuu kilikataa, lakini mwaka 2016 baraza la rufaa likaamuru zitolewe. Zilipohesabiwa upya kwa kipimo kilichopangwa mwanzoni, faida ile ikapungua sana. Oktoba 2021 taasisi ya NICE, inayotoa mwongozo wa matibabu huko, ikasema wagonjwa wa ME wasipewe tena mazoezi ya namna hiyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi, kabla ya kutoza faini, mtembeleeni mwenzenu mkamsikilize. Aende kliniki, maana uchovu waweza pia kuwa upungufu wa damu. Akiweza, mpeni kazi ya kukaa, kama kuandika daftari la michango. Akisema leo hawezi, mwaminini.