Kuifunga Baiskeli Mota: Je, Inamfaa Mama?

Ukiingia Tunduma kwa basi kutoka Mbeya, mara nyingi utayaona malori kabla ya kuuona mji. Yamejipanga kando ya barabara kuu yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na mengine yataendelea hadi Kongo. Siku nyingine foleni huishia Chapwa, siku nyingine hufika Mpemba na kupita. Dereva mwenye njaa hawezi kuliacha gari na mzigo wa watu akatafute hoteli mjini. Chakula ndicho kinachomfuata.

Mama tuliyekwenda kumtembelea ndiye anayekipeleka. Anaishi upande wa Mpemba, ana watoto wanne, na ameomba tusimtaje jina kwa sababu, alisema huku akicheka, "wakwe zangu wanasoma gazeti lenu." Kila siku isipokuwa Jumapili huamka saa kumi alfajiri, hupika wali, maharage na nyama, hujaza hotipoti tatu na dumu la maji, kisha hutoka. Mzigo wote ni kama kilo 35. Wateja wake hawakai mahali pamoja: leo wako karibu na nyumbani, kesho ni lazima awafuate hadi karibu na mpaka. Siku ya mbali, kwenda na kurudi ni kama kilometa 20.

Kwa miaka mingi aliusukuma mzigo huo kwenye baiskeli. Goti lilipoanza kuvimba akahamia kwenye bodaboda, na hapo ndipo hesabu zilipoharibika. Alikuwa akilipa shilingi 5,000 kwa siku, na foleni ikisogea alilipa tena. "Nilipika mimi, nikaungua mimi, lakini faida ilikuwa inaingia kwenye tangi la mafuta la mtu mwingine," alituambia.

Mdogo wake anayefanya kazi Dar es Salaam ndiye aliyempigia simu. "Dada, Kariakoo kuna mota za kufunga kwenye baiskeli. Baiskeli yenu ile ile."

Pengine wewe pia, dada msomaji, umesikia habari hizi ukadhani ni mzaha. Si mzaha, wala si jambo jipya. Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme ndani ya gurudumu la nyuma mwaka 1895. Kilichokosekana kwa karibu miaka mia moja ni betri nyepesi. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa baiskeli ambayo mota yake humsaidia mpandaji anapokanyaga pedali. Leo akina mama wa Japani huzitumia sana za namna hiyo kupeleka watoto shule ya chekechea, na tangu mwaka 2009 sheria yao inaruhusu kubeba watoto wadogo wawili kwa baiskeli iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo.

Karibu nasi pia zipo. Kule Jinja, Uganda, shirika la FABIO huunganisha baiskeli za umeme za kubebea mizigo na watu. Na huko Hwedza, Zimbabwe, tangu mwaka 2019 vikundi vya wanawake wakulima hukodi baiskeli za umeme za magurudumu matatu ziitwazo Hamba, ambazo betri zake huchajiwa kwa nguvu za jua. Mama wa Mpemba hakuwa na shirika. Alikuwa na kikoba, mume, na baiskeli aina ya Phoenix.

Seti aliyoambiwa ni hii: gurudumu zima la mbele ambalo kitovu chake ndicho mota. Ndani ya kitovu mna nyaya za shaba na sumaku. Umeme ukipita, gurudumu hujizungusha lenyewe bila mnyororo. Kuna kiboksi kidogo kinachogawa umeme, kishikio cha mkononi cha kuongeza na kupunguza mwendo kama cha pikipiki, na vishikio vya breki vinavyokata umeme mara tu unapovibana. Betri hununuliwa peke yake. Seti ya wati 350 ilikuwa shilingi 380,000, na betri ya volti 36 pamoja na chaja yake 450,000. Jumla 830,000, wakati pikipiki mpya inazidi milioni mbili na nusu.

Mume wake hakukubali upesi. Phoenix ile aliachiwa na marehemu baba yake, nayo imewasomesha yeye na ndugu zake. Tena alikuwa na neno jingine, na tunamshukuru kwamba alilisema mbele yetu bila kuficha: aliogopa watu watasema mke wake amempita. Wiki mbili hawakulizungumza. Mwishowe ni yeye aliyeanza, usiku, alipomwona mkewe anakanda goti kwa maji ya moto. "Chukua," alisema. "Lakini deni ni letu wote wawili."

Kikoba kilimkopesha shilingi 600,000. Hapa tunaomba akina mama mnielewe, maana mnavijua vikoba vyenu: mkopo ule ulidhaminiwa na wenzake watatu, na mmoja wao ni mjane anayeuza ndizi. Mota ikishindwa kazi, huyo naye angelipa. Kwa hiyo seti ilipofika kwa basi ndani ya boksi, mama alimpelekea fundi akiwa na furaha na hofu pamoja.

Fundi alifungua boksi, akalitazama gurudumu, akaitazama Phoenix, akakataa.

Sababu yake inafaa kila mwenye nia ya kununua seti aijue, kwa kuwa wauzaji wengi hawaisemi. Tairi la Phoenix na gurudumu lililokuja vyote viliitwa namba 28. Lakini zipo namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi, na hizo ndizo za kusoma. La Phoenix lilisema 635, la gurudumu jipya 622. Ni milimeta 13 tu za kipenyo, ila zinatosha kufanya tairi la moja lisikae kwenye rimu ya lingine. Hilo lingetibika kwa kununua tairi jipya. Lililoshindikana ni breki. Breki za Phoenix ni za fito, zinavuta vipande vya mpira kutoka chini viikamate rimu yake ya chuma iliyokunjwa. Kwenye rimu bapa ya gurudumu jipya hazishiki kitu. Ingebaki breki moja ya nyuma, nayo ya fito, ambayo mvua ikinyesha huteleza. "Mama," fundi alimwambia, "una kilo 35 nyuma na malori ubavuni. Nikikufungia hii nitakuwa nimekufungia jeneza."

Wapo mafundi ambao wangefunga, wakachukua hela yao. Huyu alimrudisha mteja nyumbani analia.

Suluhisho lilikuwa baiskeli ya mtumba ya shilingi 180,000. Ni ya kike, isiyo na bomba la juu, ina keria ya chuma nene, magurudumu ya 622, na breki zinazoibana rimu pande zote mbili, mbele na nyuma. Tairi mbili, mipira ya breki, waya mpya na kazi ya fundi vikala 70,000. Hivyo gharama kamili ikawa shilingi 1,080,000, si 830,000. Phoenix ya mzee ikabaki ukutani kama ilivyokuwa, na bila mtu kupanga, ile yenye mota ikawa ya mama. Hana haja ya kuiomba, na anaipanda akiwa na kitenge chake bila kurusha mguu juu.

Mmoja wetu aliijaribu, akiwa hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi. Mota ya mbele inavuta taratibu, kama mtu amekushika mkono kukupandisha mlima. Ila ukiifungua mafuta yote ukiwa unakata kona kwenye kokoto, gurudumu linateleza. Mwandishi wetu hakuumia, lakini kuku wa jirani walikimbia.

Je, imemlipa? Tulikaa naye na daftari. Betri yake ikijaa inabeba wati-saa 360, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya uniti. Hata ukijumlisha umeme unaopotea kwenye chaja kama joto, nusu uniti haifiki. Kwa mteja wa LUKU anayepata uniti 28 hivi kwa shilingi 10,000, ni chini ya shilingi 180 kwa siku. Watu wengi huishia hapo wakashangilia. Mama huyu hakuishia hapo, kwa sababu fundi alimwonya: betri za aina hii huchajiwa kama mara 500, kisha zinaanza kuchoka. Shilingi 450,000 ukizigawa kwa 500 ni 900 kila safari. Basi kila jioni anatia shilingi 1,000 kwenye kopo la maziwa lililozibwa kwa nta, na hata mume halifungui. Hilo ni kopo la betri ijayo. Ukitoa umeme na kopo kwenye zile 5,000 za bodaboda, anabaki na karibu 3,900. Kwa hesabu hiyo gharama yote inarudi katika miezi kama 11. Ambaye hana safari ya kila siku tunamshauri asikope kwa ajili ya mota, akiba haitarudi.

Matatizo hayakukosa. Mwezi wa pili, akipanda kilima akiwa amejaza, nati za ekseli ya mbele zililegea. Mota ina nguvu. Ikikosa kushikwa, badala ya kuzungusha gurudumu hujizungusha ekseli yenyewe. Ekseli ilijinyonga kwenye uma, ikakata nyaya. Alisukuma hotipoti zake kilometa nne na madereva wakala saa tisa. Fundi alirekebisha, kisha akafunga kipande cha chuma kinachobana ekseli dhidi ya uma isigeuke. Kipande hicho kingefungwa siku ya kwanza. Siku hizi mama ana spana mfukoni mwa aproni na hukaza nati kila Jumatatu.

Kuhusu betri tutasema kwa ukali kidogo. Mwaka 2023, katika jiji la New York, moto uliotokana na betri za lithiamu uliua watu 18, na nyingi zilikuwa za baiskeli na skuta za umeme. Usinunue betri iliyofunguliwa na kuungwa upya mtaani. Ichaji kwa chaja iliyokuja nayo tu, mchana, ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na jiko la gesi na mafuta ya taa. Kamwe usiichaji chumbani mnamolala watoto, wala mlangoni, maana ikiwaka mtatokea wapi? Ikivimba, ikianguka kwa kishindo au ikiingiwa maji, iwekwe nje, fundi aitwe. Mama huyu huichaji kuanzia saa nane mchana anaporudi, barazani, na kabla watoto hawajala cha jioni huwa imejaa.

Siku tuliyoondoka foleni ilikuwa fupi, imeishia Chapwa. Deni la kikoba lilikuwa limebakiza marejesho manne, na yule mjane wa ndizi alikwisha kuuliza ile seti ni shilingi ngapi. Akajibiwa milioni moja na themanini elfu. Akasema atafikiri. Baba wa nyumba alikuwa uani akiutia mafuta mnyororo wa Phoenix, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili na wangekwenda wote wawili, kila mtu na yake.