Panya wa Entebbe, Kondoo wa Kibakwe

Mfugaji mmoja wa Kibakwe ameniuliza: kama chanjo ya mifugo hupatikana kwa kuwaua wanyama wengine, ruhusa hiyo ilitolewa na nani? Anauliza akiukumbuka mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipoivamia Dodoma. Kondoo walitupa mimba, nyama ikaogopwa, na watu zaidi ya 140 wakafariki nchini. Hakuna mkoa ulioumia kama huu.

Mambo ya mbu na mvua kubwa wafugaji mnayajua, nayaruka. Twende Entebbe, Uganda, kwa mtafiti Kenneth Smithburn. Alikuwa na kirusi cha homa hii kilichotolewa mwaka 1944 kwenye mbu wa msitu wa Semliki. Kwa kawaida kirusi hiki hushambulia ini. Smithburn akakidunga kwenye ubongo wa panya. Panya alipougua, ubongo wake ulitolewa, ukasagwa, na tone lake likadungwa kwenye ubongo wa panya mwingine. Kisha mwingine. Makumi ya mara.

Hapa ndipo ninaposisimka. Chukua mkulima wa milima ya Kibakwe aliyepewa mbegu ya mahindi ya bondeni. Msimu wa kwanza mengi yanadumaa, mashina machache yanabeba, naye anatunza mbegu ya hayo machache tu. Hakuna hindi lililojifunza kuvumilia baridi. Yaliyobeba yalikuwa na tofauti yao ndogo tangu yakiwa punje. Msimu baada ya msimu anachagua hivyo hivyo, mpaka shamba zima linastawi. Sasa irudishe mbegu ile bondeni: jua linaichoma, kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyeichagua kwa ajili ya jua. Kirusi nacho kila kinapojinakili hukosea hapa na pale. Makosa mengi hukiangamiza, machache hukifaa ndani ya ubongo, na hayo ndiyo yanayovuka kwenda kwa panya anayefuata. Uwezo wa kuliteketeza ini hauna kazi tena, basi unapotea. Mwishowe ukimchoma kondoo sindano ya kirusi hicho chini ya ngozi, hafi. Mwili wake unakitambua adui na kujiwekea kinga.

Wataalamu husema kirusi kimefubazwa. Neno zuri, lakini mimi ningesema kimehamishwa makali, maana ubongoni mwa panya makali yalibaki pale pale.

Smithburn alichapisha kazi hiyo mwaka 1949, na chanjo yake ikatumika Afrika kwa miongo mingi, ingawa kondoo mwenye mimba haimfai.

Sasa lile swali. Mimi naamini ilikuwa halali, ila deni letu si moja kwa kila mnyama. Kondoo wa majaribio aliumia kwa ajili ya kondoo wenzake. Panya hakupata kitu. Kila hatua ya chanjo ile ni panya aliyeachwa augue ubongo. Mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch waliandika kwamba mtafiti atafute kwanza njia isiyohitaji mnyama, akikosa apunguze idadi, na anaobaki nao awapunguzie maumivu. Nasi Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya kuwalinda.

Leo Mkenya George Warimwe na wenzake wana chanjo iliyojengwa juu ya kirusi cha mafua cha sokwe, moja kwa watu na mifugo. Ilijaribiwa kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe, kisha Oxford kwa watu 15 waliojitolea. Watu hao waliulizwa, wakakubali, na hawakuambukizwa homa. Mifugo iliambukizwa, pamoja na wale wa kundi la kulinganisha walionyimwa chanjo makusudi. Watafiti wakija kuomba kondoo Kibakwe, mfugaji aulize habari za kundi hilo kwanza: ni wangapi, kwa nini wasiwe pungufu, na yupo nani wa kuwatazama usiku homa ikiwapanda.